Tanbihi ya Kumi na Saba

Wizara imenipa miezi minne na dawati lenye mguu mfupi
niipime kodi ya benki:
je, imefika ilikotumwa?

Swali jepesi, nilidhani. Nikafungua majedwali.
Safu ya tatu, mapato ya serikali: yamepanda.
Safu ya saba, faida za benki: hazikushuka hata kwa unywele.
Mwaka mzima wa kukamuliwa, na ng'ombe hajakonda.
Basi nani aliyekonda?

Bwana Kornél wa chama cha mabenki alinikaribisha kahawa,
kikombe kidogo kama kidole gumba cha mtoto.
"Tumelipa kila forinti," akasema, akanionyesha stakabadhi.
Hakusema uongo. Nilizihesabu mara mbili.
Ila mwenye risiti si lazima awe ndiye mwenye jasho.

Jumapili nikavuka Danubi kwa tramu ya manjano hadi kwa mama.
Siku ya pensheni yeye huamkia kwenye mashine ya benki,
akaikomba akaunti yote kwa mkupuo,
maana kila akirudi mashine humuuma,
forinti mia, mia na ushei,
kama mbu: hakuui, lakini hulali.
Noti huzificha katika kopo la paprika.
Muuza nyama wa mtaani anazijua kwa harufu;
huzikung'uta kwenye aproni kabla ya kutoa chenji,
kisha hupiga chafya.

Nikamwambia: Mama, kodi hii walitozwa benki.
Akacheka, kisu kikiwa bado ndani ya kitunguu.
"Benki ina mikono mingapi, Emőke?
Wa kupokea naujua. Wa kutoa niliuona lini?"

Ningeishia hapo, ningekuwa na ripoti nzuri ya hasira.
Lakini akaingia dada yangu Boglárka na sare yake ya uuguzi,
amekesha wodi ya watoto,
ambako mashine mpya za kupumulia zilinunuliwa mwaka ule ule
kutoka fungu lile lile.
Forinti hazina kumbukumbu. Siwezi kuapa
kwamba mia ya mama ndiyo pumzi ya mtoto wa kitanda cha sita.
Siwezi kuapa kwamba siyo.

Naibu waziri alitaka neno moja la kuweka kwenye jalada:
imefaulu, au haikufaulu.
Nikaandika kurasa tisini na mbili.
Nikapendekeza kodi ihamie kwenye mizania zao, penye kina,
iache kaunta, wanaposimama wenye vikapu.
Watapata upenyo mwingine, najua;
wanasheria wao hawalipwi kwa kulala.

Jedwali halikuwa na safu ya kopo la paprika.
Nikaliweka chini kabisa, kwa herufi ndogo,
tanbihi ya kumi na saba.

Mhariri akanirudishia ukurasa. Pembeni, kwa penseli:
"Chanzo?"
Nikatoa mkobani noti ya nauli aliyonipa mama,
nikaibana pale kwa klipu, nikamrudishia.
Baada ya dakika moja, ng'ambo ya ukuta,
nilimsikia akipiga chafya.