Farasi Akilala

Saa kumi na moja na robo, Mtopanga,
adhana haijamaliza mwangwi wake kwenye mabati
na Nyevu ashaanza kugombana na toroli.
Gurudumu lina pancha tangu Jumanne.
Kinyesi cha usiku mmoja, farasi wawili na punda saba:
safari kumi na nne hadi shimoni,
na ukihesabu sana utarudi kwenu kulala.

Hapa hakuna mshahara. Kuna daftari
lenye madoa ya aidini
na miandiko ya watu sita wasiofanana:
Punda Sururu: amekula nusu. Anakohoa.
Pumba: Dilshad anatudai magunia matatu.
Zamu ya Alhamisi: nani?
Na chini yake, kwa kalamu ya kijani: Mimi. Twalib.

Twalib alikuwa mtu wa mkokoteni,
maji ya Kisauni, mitungi ishirini kwa safari.
Alikuwa na fimbo yenye msumari.
Hasemi sana kuhusu hilo.
Watu husema shukrani ya punda ni mateke;
yeye ana kovu pajani, mviringo kama kisahani cha kahawa,
na akiulizwa hujibu, "Hii si shukrani. Hii ni risiti."

Farasi mweupe tulimpata mwezi wa Rajabu.
Miaka tisa alibeba mabwana arusi,
mmoja baada ya mwingine, vilemba na maua,
fataki masikioni,
na siku zisizo na harusi, watoto wa wageni
mchangani Bamburi, mia mbili kwenda na kurudi.
Kisha goti likavimba, na harusi zikakodi magari.
Tulimkuta amefungwa nyuma ya gereji
anaguguna rangi ya mlango.
Mbavu zake ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara.
Kwenye singa, puleki tatu bado zinameta.

Swabra hutufikia akitoka zamu ya usiku hospitalini,
sare ya uuguzi imekunjwa kikapuni.
Alimwosha kidonda cha tandiko kwa maji ya chumvi,
akapasua jipu la ukwato, usaha ukatoka mweusi,
harufu ikatufukuza sote isipokuwa yeye.
"Pole, bwana arusi," akamwambia.
Jina likamganda.

Alikula kwa wasiwasi, sikio moja kwetu.
Na hakulala.
Wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita,
anasinzia wima kama askari wa benki,
pikipiki ikipita anatwanga ukuta.
Nyevu akasema farasi ndivyo walalavyo, wima.
Twalib akatikisa kichwa:
"Huyo halali. Huyo anangoja kuitwa."

Basi juzi, kabla ya adhana, nikafungua mlango
nikamkuta chini.
Ubavu, miguu imenyooka,
shingo imelegea juu ya maranda.
Koleo likaniponyoka.
Nikaita jina la Mungu, halafu la Swabra.
Akaja mbio, kandambili mguu mmoja,
akapiga magoti kwenye mkojo,
akaweka sikio mbavuni,
mbavu ambazo sasa hazihesabiki.
Sote tukaziba pumzi. Hata Sururu akaacha kukohoa.

Swabra akainua uso.
Tulidhani analia.
"Anakoroma," akasema.

Na kweli: mdomo wa chini umeachama, unatetema,
na ukwato wa kushoto, ule wa jipu,
unapiga hewa kidogo kidogo;
anakimbia mahali fulani, bila mtu mgongoni.

Hakuna aliyefagia banda lake asubuhi ile.
Nyevu aliacha toroli lake lililie peke yake nje.
Twalib akaketi kizingitini akifukuza nzi kwa kofia,
na wenye pikipiki akawapungia mkono:
zimeni, sukumeni.

Dilshad alipokuja kudai
tulimwonyesha kidole mdomoni.
Akachungulia. Akanyamaza.
Akaondoka kwa ncha za vidole,
kisha akarudi hadi langoni, akanong'ona:
"Matatu, eh? Msije mkasema mawili."