Karatasi ya Chapa Nyingine

Barabara ya mlimani ilifungwa Jumanne.
Theluji iliziba njia ya lori la posta,
na ndani ya lori hilo, nina hakika, ililala
karatasi yangu, niliyoiagiza kwa jina,
ya kampuni ileile iliyounda printa.
Hallbera alikuwa atimize miaka themanini Jumamosi.
Nilimwahidi picha ya mumewe, ndugu yangu Steingrímur,
amesimama sitahani mwa feri, kofia mkononi.

Duka la kituo cha petroli huuza kila kitu
ila kile ulichokifuata.
Nilipata pakiti moja, kona zimekula vumbi,
kati ya minyororo ya magurudumu na samaki mkavu,
bei imekatwa mara mbili kwa kalamu nyekundu.
Haya, chapa ni chapa, nikajisemea,
kazi yake kuchapwa.

Printa ikauliza: karatasi gani?
Ikanifungulia menyu ya jamaa zake,
binamu, shangazi, wajukuu, ukoo mmoja mtupu,
wang'avu, nusu wang'avu, wasiong'aa;
pa mgeni hapakuwapo.
Nikaidanganya.
Miaka thelathini na miwili nilitunza hesabu
za kiwanda cha samaki bila kughushi hata senti,
na usiku huo, kwa kubofya mara moja,
nikamwandikisha mtu baki kuwa mtoto wa nyumbani.

Mgeni kaja, mwenyeji kaugua.
Ikakohoa, ikavuta, ikasita, ikavuta tena,
na Steingrímur akatoka polepole, utosi kwanza,
kama anavyozaliwa kila mtu,
ila huyu alikuwa kijani.
Kijani cha mwani. Mashavu kijani, koo kijani,
na bahari nyuma yake zambarau
kama kidole kilichobanwa na mlango.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi:
wino haukushika, ulisimama matone matone
juu ya uso wake, kama jasho.
Nilipogusa, pua ikaja na kidole changu.
Kumbe nilikuwa nimechapa mgongoni.

Pakitini hamkuwa na maelezo, ila onyo
kwa lugha kumi na nne, yetu haimo.
Nikamkumbuka Jófríður, aliyekuwa na studio bandarini
kabla simu hazijawa kamera:
bana kona ya karatasi kwa midomo yenye unyevu, alisema,
upande unaokunasa ndio uso.
Basi mimi, mzee wa miaka sabini na sita,
nikasimama jikoni nikibusu karatasi tupu,
upande huu, kisha ule,
nione upi utanijibu.

Ukanijibu.
Nikapunguza wino, nikaongeza chembe ya wekundu,
nikadanganya tena, safari hii kwa jina la binamu mwingine,
nikaiacha ichape kwa mwendo wa jongoo.
Karatasi tano zilikwisha, na nusu ya wino wa njano.
Ya sita akatoka mtu.
Nikaiweka juu ya friji ikauke
na kuamka kila saa kuitazama,
kama mwenye mkate tanurini.

Jumamosi nilizibeba zote, nzuri juu,
mbovu chini, za kukazia bahasha isikunjike.
Hallbera akavaa miwani. Ile nzuri akaiangalia
kwa adabu, kama uangaliavyo keki ya jirani.
Kisha vidole vyake vikaenda chini,
akaichomoa ya kijani,
akacheka hadi akashika meza.
"Huyu hapa! Miaka ishirini fundi mitambo wa feri,
na hakuna siku hakutapika kabla hawajatoka ghubani.
Hii ndiyo rangi aliyorudi nayo nyumbani."

Ameipigilia ukutani, juu ya redio.
Ile nzuri ninayo mimi.
Pakiti ya chapa yangu ilifika Jumatatu.
Iko palepale mlangoni, sijaifungua.