Kishikwambi Hakina Pambizo

Vingunguti, saa nne, jua limekaa kitako juu ya mabati.
Mimi ni mdadisi wa utafiti; nalipwa kwa kaya.
"Jina lako, dada?"
"Sikujua."
"Hukujua nini?"
Akacheka mpaka akakohoa,
akakohoa mpaka akashika ukuta.
"Ndilo jina langu. Sikujua binti Mwinshehe.
Baba alikuwa safarini nilipozaliwa."

Swali la nne: mkuu wa kaya.
Kibwana. Yuko Gerezani, anapasua betri kuukuu za magari,
anayeyusha risasi kwenye sufuria isiyopikiwa tena.
Risasi hii haina mlio.
Mkono wake wa kulia siku hizi hauwezi kufunga kifungo cha shati,
na hilo lina nafasi yake humu: mtetemeko, ndiyo au hapana.
Nikagusa ndiyo.
Kikakubali.

Swali la tisa: humu ndani kuna anayevuta sigara?
"Hapa hakuna mvutaji," akasema,
akipepea mkaa kwa kifuniko cha ndoo ya rangi.
"Mimi sivuti. Jiko ndilo linanivuta,
tangu nina miaka minane,
alfajiri vitumbua, jioni maharage,
na moshi una adabu mbaya:
nyumba nzima iko wazi, wenyewe unalijua jicho langu tu."
Nikagusa hapana.
Kikakubali.

Barakoa ilikuwepo, imetundikwa kwenye msumari.
Waliileta watu wa mradi, moja kwa kila fundi,
wakapiga picha, wakaondoka.
Kibwana haivai; inampa joto.
"Mimi naichujia tui," akasema.
"Niliifua kwanza. Usinitazame hivyo."

Kisha akavuta beseni.
Ovaroli iliyokuwa ya bluu ikazama,
maji yakageuka rangi ya sufuria lile.
Anafua kwa mikono mitupu,
mtoto mgongoni ananyonya pindo la kanga.
Jumatano na Jumamosi. Miaka kumi na moja.
"Vumbi analileta nyumbani kama mshahara,"
akasema, akikamua mguu mmoja wa suruali.
"Tofauti ni kwamba hili hunikabidhi lote."

Nilidhani tumemaliza.
"Mbili zilitoka," akasema, kwa sauti ya kuhesabu chenji.
"Ya miezi minne. Na ya mitano.
Ya mitano ilikuwa ya kiume.
Kliniki waliniuliza kama nilibeba ndoo.
Nikasema nani habebi ndoo?
Hakuna aliyeniuliza nafua nini."

Nikatafuta pa kumweka.
Kazi ya mke: mkulima, mwajiriwa, mfanyabiashara, hana kazi.
Nikapandisha kwa kidole, nikashusha.
Enzi za karatasi ningeandika pembeni,
herufi ndogo, za kuibia,
na mtu fulani, ofisini, angeinamisha kichwa asome.
Kishikwambi hakina pambizo.
Unajibu ulichoulizwa, au kinagoma:
jibu haliruhusiwi.

Nikakibana kwapani, nikachomoa kalamu,
nikaandika kwenye kiganja cha kushoto:
Sikujua. Beseni. Mbili.
Wino ulikwama kwenye jasho; nikaukoleza.
Alinitazama mpaka nikamaliza.
"Sasa usije ukanawa," akasema.

Akamwaga maji mferejini.
Yakateremka taratibu, yakakwepa ganda la ndizi,
yakaelekea bondeni, Msimbazi,
kule ambako mchicha unastawi kwa kasi ya kutisha
na fungu lake kesho litakuwa hapa hapa, mlangoni,
mia tano.

Nikagusa hana kazi.
Kaya imekamilika, kikaandika, kwa kijani.

Mlango wa pili ulikuwa wazi.
Ovaroli tatu kambani, beseni nje,
na ndani mtu anakohoa kikohozi kile kile.
Nikabisha hodi kwa mkono wa kulia.
Wa kushoto nimeufumba.