Mwiko wa Lozi

Siku hizi nasoma magunia.
Nimesomesha kemia miaka ishirini na sita, Maskati na Sohari,
sijapata kuona maandishi yanayojificha kama haya.
Mbele samoni anaruka, herufi zake kubwa kama milango.
Nyuma, mstari wa saba, karibu na mshono:
mafuta ya kuku.
Narudisha gunia rafuni.

La pili linasema kondoo. Kondoo yumo, na kuku yumo,
kama harusi: kadi imeandikwa jina moja,
ukifika, ukoo mzima umeshakaa.
La tatu: nyama na vitokanavyo na wanyama.
Mnyama gani, Biju?
Biju anakuna kichwa. Duka si lake, na gunia hakuliandika yeye.

Lozi ni saluki, rangi ya jina lake.
Mwanangu Haitham alimtoa Ibra, kisha akenda zake Malesia kusoma,
akaniachia kamba, bakuli na ngozi inayowaka.
Usiku anajikuna, goti linagonga marumaru,
ta, ta, ta,
kama mtu anayebisha hodi na hajui mlango uko wapi.
Masikio kwa ndani ni komamanga lililopasuliwa.

Daktari Nirmala wa Ghubra alisema: wiki nane.
Nyama asiyowahi kuila, na boga. Basi.
Hata kidonge chenye ladha, hapana.
Nikacheka peke yangu garini.
Bibi yangu, Wete, yote haya aliyaita kwa neno moja: mwiko.
Mgonjwa hupewa mwiko, asile pweza, asile bilingani, siku arubaini,
na mwiko mwingine, wa mti, uko jikoni unasonga ugali.
Sisi watoto hatukujua upi unakataza na upi unapakua.
Mwenye njaa hana mwiko, alisema, na sahani ikasafishwa.
Huyu ana njaa na ana mwiko, vyote viwili,
na ananitazama.

Basi ngamia.
Ijumaa asubuhi, soko la Sib, nyama nyekundu iliyoiva rangi.
Muuza nyama ananiuliza, wageni wangapi?
Mmoja, nasema.
Miguu siihesabu.
Nachemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila bizari,
nyumba inanukia Idi iliyosahau viungo.
Jirani Thuraya anapita nje ya geti, kanga puani, hageuki.

Wiki ya tatu manyoya yanarudi ubavuni, laini, kama ya kuazima.
Wiki ya nne tunalala, mimi na yeye, usiku kucha.
Wiki ya tano, masikio yanawaka.

Nikapekua daftari. Nikapima boga. Nikanusa sabuni ya bakuli.
Nasor, mume wangu, alikuwa barazani na gazeti lake,
Nasor asiyemgusa,
ambaye kanzu ikipitiwa na ulimi wa Lozi
huhesabu maji mara saba kwa sauti, ili nisikie.
Chini ya kiti chake, kipande cha ngozi ya kuku, cha wali wa jana.
Lozi amekikalia nusu.

"Alinitazama," akasema.
"Nasor."
"Sikumgusa. Kilianguka."
"Kila siku?"
Akageuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

Tumeanza upya. Leo ni siku ya kumi na moja.
Jana nilimtuma kwa Biju kununua taa ya jikoni,
akakawia, nikamfuata.
Nikamkuta mwisho wa duka, miwani yangu ya kukuzia puani pake,
gunia limeegemea goti la kanzu nyeupe,
anasoma kwa sauti, pole pole, kama wasia wa mtu aliyemdai,
kidole kikishuka hadi mstari wa saba.
"Hili lina yai," akasema bila kuinua kichwa.
"Yai ni kuku, au bado?"

Nilisimama na swali lake.
Nitamuuliza Nirmala Jumapili.