Zamu ya Maji

Jumamosi kabla ya Matawi, saa kumi na mbili,
Mbokomu bado imejifunika ukungu hadi kidevuni.
Jembe begani, chepe mkononi,
leo mtaa wetu unazibua mfongo.
Asiyekuja atalipa faini,
ila mimi sikuja kwa kuogopa faini.
Nimekuja kwa sababu migomba yangu imesinyaa,
na moyo wangu, nisiseme uongo, uliitangulia.

Tangu Jumatano ya Majivu nimefunga.
Nimeacha nyama, nimeacha mbege,
nimeamka usiku nikapiga magoti kwenye saruji
mpaka saruji ikanichora.
Bwana, nikasema, leta maji.
Bwana, mbona huleti?
Na kanisani, mimi Elinami, mzee wa kanisa,
nimeomba sala ndefu kuliko mahubiri,
watoto wakalala mapajani mwa mama zao.

Tukaanza juu, kwenye banio,
penye baridi inayokata vifundo vya miguu.
Tukashuka tukitoa majani, magogo, chupa,
kandambili moja ya mtoto,
tope linalonuka yai viza.
Kila mtu na kipande chake;
changu hupita nyuma ya zizi,
pale kahawa zangu zinapopakana na za Ndeanka.

Hapo nikakutana na jiwe.

Nalijua jiwe lile.
Halikuletwa na mvua.
Nililivingirisha mwenyewe, usiku, miaka mitatu iliyopita,
wiki ile tuliyogombania mpaka,
ili zamu yake ikifika maji yapate kigugumizi.
Nikamwona akipanda na ndoo kutoka bondeni,
mjane yule na mjukuu wake,
nikasema moyoni: Mungu anajua haki ni ya nani.
Kisha nikasahau.
Kusahau ni kazi nyepesi
kwa mtu anayelala karibu na maji.

Mchanga haukusahau.
Punje kwa punje ulikaa nyuma ya jiwe,
ukapanda, ukarudi juu,
hadi ukaziba mlango wa shamba langu mwenyewe.

Nikasimama na chepe kama mtu aliyeitwa jina lake.
Usiku wote ule nilibisha hodi mbinguni,
na mbinguni hakukufungwa.

"Peke yako huliwezi, mzee," akasema kijana Kiwelu.
Kweli. Kuliweka niliweza peke yangu, gizani;
kulitoa kulitaka wanaume wanne na mtaimbo,
mchana kweupe,
na swali la Kiwelu: "Hivi nani alileta hili hapa?"
Nikatazama Kibo. Kibo ilikuwa nyuma ya wingu.
"Mimi," nikasema.
Neno fupi kuliko sala zangu zote.

Mchana nikakata jani la isale
kwenye mpaka uleule tuliougombania,
nikalifunga fundo kama alivyofunga babu
alipokwenda kuomba radhi,
nikaingia uani kwa Ndeanka.
Alikuwa anachambua maharage. Hakusimama.
Alilitazama jani, akatazama miguu yangu yenye tope.
"Weka hapo," akasema,
akaonyesha kigoda kwa kidevu.
Basi.
Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikarudi nayo.

Saa kumi banio likafunguliwa.
Msidhani yalikuja maji ya picha ya kalenda.
Yalikuja meusi, mazito, yakisukuma mbele
kila tulichodhani tumeshakitoa.
Wengine wakaguna. Mimi nikachuchumaa
nikaingiza mkono humo mwenye uchafu,
nikauacha.

Usiku huu nimepiga magoti palepale
na sina la kusema.
Taa za Moshi zinamulika huko chini,
mke wangu anauliza kama ninaumwa.
Nyamaza kidogo, namwambia, sikiliza:
nyuma ya zizi maji yanapita,
yanakwenda kwa Ndeanka.

Kesho nitashika tawi la mtende pamoja na wengine.
Sijui kama lile jani
bado liko juu ya kigoda.