Nafasi ya Tano

Saa kumi alfajiri Newala haionekani.
Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu
umekaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga.
Niko foleni, ndoo ya sita kutoka bombani,
rola kichwani, kanga juu ya rola,
na Bi Nantumbo nyuma yangu anacheka kashika kiuno:
"Somoe! Mlimbwende naye anachota maji?"
Asipochota, namwambia, atakoga na nini?

Shindano lenyewe ni la hisani.
Akina mama sita, kila mmoja na watoto wake,
tiketi elfu tano, soda moja ndani yake,
fedha yote ya tangi la wodi ya wazazi,
ambako ukienda kujifungua unabeba
wembe, glavu, kanga tatu
na dumu la maji.
Dumu langu nimelibeba mara nne.
Mara ya tatu lilipasuka njiani,
nesi wa zamu akaniosha miguu kwa chai yake ya rangi,
vuguvugu, haikuwa na sukari.
Basi walipopita kuandika majina
sikuuliza mara mbili.

Viatu vya kuazima, namba thelathini na nane;
mguu wangu ni arobaini.
Gauni limefika saa saba, pindo limeshikwa na pini,
fundi Nampota kaniapisha nisikae.
Lakini mikono.
Miaka kumi na moja ya kubangua korosho,
mafuta ya ganda yamekula ncha za vidole.
Nimesugua limau, nimesugua majivu,
mwishowe wifi kanipaka hina palepale:
weusi juu ya weusi, watadhani ni maua.
Mume yuko barabarani na lori la watu.
Katuma ujumbe: "Usije ukaanguka."
Ndiyo mapenzi yake, hayana maneno mengi.

Ukumbi wa ushirika unanuka magunia.
Zulia jekundu limekomea hatua tatu kabla ya jukwaa.
Kijana wa kutoka Masasi alitufundisha wiki nzima:
kidevu juu, mabega nyuma, usitazame chini.
Mwanangu, nimepanda mlima wa Kitangari
na lita ishirini kichwani, mtoto mgongoni.
Shingo yangu haina neno.
Kinachonisumbua ni viatu.

Swali langu likatoka kwenye bakuli:
"Uzuri wa mwanamke uko wapi?"
Nilikariri jibu, lina moyo, lina tabia, lina maadili.
Simu ikatetemeka kifuani nilikoificha.
Nikajua ni Shaibu. Nikajua ni chumvi.
Jibu likaruka kama kuku aliyeona kisu.
Nikasema: "Sijui.
Kioo changu kidogo, najiona jicho mojamoja.
Ila kuna nesi aliwahi kumwaga chai yake..."
nikasimulia, dumu, njia, miguu, chai isiyo na sukari,
na kutoka nyuma kabisa, penye kreti za soda,
sauti ya mwanamke ikapasua ukumbi:
"Muongo huyo! Sukari ilikuwemo!"

Watu wakaangua kicheko.
Nami ndipo nikawakumbuka sisimizi.

Taji limekwenda kwa Zainabu Likwata, muuza bagia,
na limemstahili.
Mweka hazina kahesabu mara mbili:
nusu ya tangi. Nusu nyingine, kasema, mwakani.

Nimerudi saa nne usiku, viatu mkononi,
pini moja imehamia ubavuni.
Kitindamimba yuko macho.
"Umeshinda?"
"Wa tano."
"Kati ya wangapi?"
"Sita."
Akafikiri. "Basi kuna mtu umempita."
Akauvaa utepe wangu, akalala nao.

Sufuria la kisamvu limeungua, na chumvi hawakuiona.
Nimelimwagia maji kidogo, kidogo tu, liloweke.
Kope ya bandia imebandukia shavuni.
Nimeiacha. Saa kumi foleni inaanza,
Bi Nantumbo apate la kucheka.