Sahani ya Mgeni

Ijumaa, watoto wakishalala,
nafungua daftari lenye jalada la maua.
Zdzisław hukaa upande wa dirisha,
mikono yake ina harufu ya grisi na sabuni,
anasubiri nisome
kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Benki, zloti mia tisa na arobaini. Hiyo haiguswi.
Ni bei ya paa lililong'olewa na dhoruba ya Juni,
vigae vikatawanyika hadi bustanini kwa jirani,
tukakopa kabla mvua haijaizoea sebule.
Imebaki miaka minne na miezi miwili.
Makaa ya mawe, tani moja na nusu.
Basi la shule la Kalina. Miwani ya Tymek,
maana ameanza kuisogelea luninga kama anayetaka kuinusa.
Mkate. Umeme.
Viazi tunavyo, Mungu ashukuriwe, chini gizani.

Dawa ya deni kulipa, tumeambiwa.
Hatukuambiwa dozi ni mara ngapi kwa siku,
wala kama inamezwa kabla ya chakula au baada.

Huko chini, kwenye stoo ya viazi,
nyuma ya chupa za matango ya siki,
ipo chupa moja pana isiyo na tango.
Kila mwezi natia noti ya hamsini,
mwezi mwingine ishirini. Februari sikuwa na kitu:
nilifungua kifuniko nikakifunga tu, kwa adabu.
Akiba haiozi. Ni kweli,
lakini yangu imeshika harufu ya kitunguu saumu na haradali,
na siku nilipolipia jino la Zdzisław
karani alizinusa noti, akanitazama, akameza mate.

"Kwa nini hela ilale," aliniuliza Desemba,
"na deni linatembea usiku na mchana?
Tuipeleke benki yote, ile elfu moja na mia moja,
riba ipungue."
Hesabu yake ilikuwa sahihi.
Niliirudia mara mbili nikitafuta kosa.

Mkesha wa Krismasi niliandaa meza.
Sisi wanne, sahani tano,
kama mama, kama bibi:
moja ya mgeni asiyetazamiwa.
Tymek akauliza kama amewahi kuja.
Nina miaka thelathini na minane,
sijafungua mlango hata mara moja nikamkuta.
Bado sahani yake huoshwa, hufutwa, huwekewa uma.
Nikamtazama Zdzisław juu ya supu nyekundu ya bitiruti.
Hakusema neno.
Chupa ikabaki chini.

Mgeni alikuja tarehe tisa Januari.
Hakubisha hodi, hakufuta viatu.
Alijibanza ndani ya pampu ya boila
usiku wa nyuzi kumi na saba chini ya sifuri,
na asubuhi maji kwenye beseni yalikuwa na ngozi.
Tuliwavika watoto makoti, wakanywa chai kitandani.
Fundi Gniewomir alitaka mia tisa na themanini, taslimu,
akazihesabu huku akikunja pua.
Tarehe kumi benki ikachukua chake
bila kujua lolote.

Usidhani nasimulia ushindi.
Chupa ina mia moja na ishirini.
Kalina anataka kwenda milimani na darasa lake, mia tatu.
Na ile riba ambayo ingepungua haikupungua,
tunailipa kila mwezi,
kodi ya hofu yangu.

Leo Ijumaa tena. Nimefuta "milimani",
nimeiandika upya kwa penseli.
Zdzisław kasimama, kapapasa mfuko wa ovaroli,
kashuka ngazi bila kuwasha taa.
Nimesikia kifuniko kikikwaruza kioo.

Kapanda na tango mkononi,
kaling'ata, kafinya jicho moja.
"Chumvi imezidi," kasema.
Nimeandika: chumvi, punguza.
Kisha tumeligawana, nusu kwa nusu,
tukiwa tumesimama.